Herufi Nilizozipaka Ubavuni mwa Gari la Baba

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa, kwa kuwa shahidi ni mtoto.
Umri: Miaka kumi na mitano.
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha pili.
Makazi: Barabara ya mafundi, nyuma ya soko la mbao.
Mahali na wakati: Kituo cha polisi, chumba cha maelezo, Alhamisi tarehe 16 Mei, asubuhi.
Mtu mzima aliyeandamana na shahidi: Mama yake mzazi.

Mimi ndiye niliyeelezwa hapo juu. Afande ameniambia niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, na kwamba kudanganya hapa ni kosa hata kwa mtoto. Nimeelewa. Baba yangu yuko ndani tangu juzi kwa tuhuma kwamba alibeba watoto wa shule katika gari alilojua kuwa limekatwa na kuungwa. Nimekuja kueleza kwamba hakujua, na namna ninavyofahamu hilo.

Baba ni dereva. Tangu nipate akili ameendesha magari ya watu wengine, mara malori, mara magari ya maofisa. Alikuwa na akiba yake ya miaka mingi, na nyumbani tulikuwa tunaijua akiba hiyo kama mtu anayeishi nasi. Mtu akitaka viatu vipya anaambiwa, "Tusimguse yule." Alikuwa anaiweka ili anunue gari lake mwenyewe.

Mjomba nitakayemtaja ni kaka yake mama, wa tumbo moja. Ana yadi karibu na njia ya reli, anauza magari yaliyotumika, hasa vani kuukuu zinazotoka Uingereza. Watu wanamwita Meli, kwa sababu ukimwuliza jambo lolote, hata kama ni lini atarudisha ngazi aliyoazima kwa jirani, anajibu, "Meli ikifika." Mimi namwita Mjomba tu. Yeye ananiita mpwa, na akitaka kunitania ananiita mwalimu, kwa kuwa nina tabia ya kusahihisha maandishi ya vibao vya maduka tukiwa tunapita.

Afande, naomba nieleze kwanza habari ya maandishi, maana bila hayo mengine hayatafahamika. Vani hizi zikiwa kwao zinakuwa ni za kazi, na ubavuni zimeandikwa kazi ya mwenyewe. Zikifika kwetu maandishi hayafutwi. Anayenunua huyatafuta maandishi kabla hata ya kufungua boneti, kwa sababu yakiwepo, gari limetoka melini moja kwa moja na halijapita mikononi mwa mtu hapa. Yakiwa yamefutwa, watu wanasema gari lina siri. Ndiyo maana barabarani kwetu kuna vani yenye maandishi ya kuosha mbwa inayobeba viazi, na nyingine ya muuza maua inayobeba saruji. Kuna moja ilikuwa ya kuzibua vyoo, na mwenyewe anabebea mikate. Mama haninunulii mkate wake, ingawa najua gari limeoshwa.

Mnamo Jumamosi tarehe 9 Machi, mchana, Mjomba alimpigia mama simu akasema anaomba nimsaidie kazi ndogo ya rangi. Baba hakuwepo. Alikuwa safarini na lori la tajiri wake kuelekea mpakani, na hakurudi mpaka Jumamosi iliyofuata. Tajiri wake anaweza kuulizwa. Mama alinikubalia niende nikimaliza kufua.

Nilijifunza kuandika herufi za rangi kwa mwalimu wetu wa sanaa. Alitufundisha kupiga mstari kwa chaki na uzi, kupima nafasi kwa vidole, na kuvuta brashi bila kusimama katikati. Mimi ndiye niliyeandika kibao cha maktaba ya shule na vya vyoo vya wasichana. Mjomba alivijua vibao hivyo na aliwahi kuvisifu mbele za watu.

Nilipofika yadini alinipeleka nyuma, palipo na turubai. Chini yake palikuwa na vani nyeupe. Ubavuni mwake kulikuwa na maandishi ya buluu ya Kiingereza, lakini yalikuwa nusu. Upande wa nyuma herufi zilikuwa zimekamilika na zimepauka kidogo. Upande wa mbele hapakuwa na kitu, palikuwa peupe pee. Mistari yote ilianzia katikati ya neno, kama mtu aliyefungua mlango wakati wenzake wameshaanza kuzungumza.

Nilimwuliza, "Mjomba, mwanzo wake uko wapi?"

Alisema, "Jua na chumvi ya bahari, mpwa. Lilikuwa limeegeshwa pembeni kabisa ya meli. Upande mmoja umeliwa, upande mmoja umepona. Nimepaka nyeupe kidogo ili upate pa kuandikia."

Nilimwuliza nitajuaje kilichokuwa kimeandikwa. Alitoa simu akanionyesha picha ya gari hilo lilipokuwa kwao, limesimama kwenye mvua. Maandishi yote yalionekana. Yalisema kwamba gari ni la baba na wanawe, mafundi wa bomba, na chini palikuwa na namba ya simu. Mjomba aliishika simu yeye mwenyewe muda wote nilipokuwa nanakili. Kidole gumba chake kilikuwa kimekaa juu ya picha, upande wa pua ya gari. Nilikiona kidole hicho. Sikumwambia akitoe, kwa sababu maandishi niliyoyahitaji hakuyaziba.

Palikuwa na fundi wa kuchomelea akifanya kazi kwenye geti la chuma hatua chache kutoka tulipokuwa. Aliponiona nimeshika chaki alisema, "Bosi, mtoto asiegemee pale katikati. Puti ya kuzibia huko chini bado mbichi."

Mjomba alimjibu, "Wewe chomelea geti. Ukimaliza geti, chomelea mdomo."

Tulicheka, mimi na Mjomba. Fundi hakucheka.

Nilipiga mistari yangu, nikaanza. Nilipofika pale herufi zangu zilipotakiwa kukutana na zile za zamani, brashi iliruka. Nilipapasa kwa kidole nikasikia kituta chembamba kinachoshuka kutoka juu hadi chini, kama mshono wa sketi. Nilimwambia Mjomba. Alisema, "Ndivyo wanavyoyatengeneza wale. Mwingereza anashona gari kama suti." Nilicheka tena. Nilipaka rangi mara mbili juu ya kituta hicho ili herufi isionekane imevunjika, kama mwalimu alivyotufundisha kufanya penye ufa wa ukuta. Kisha nikahamia ubavu wa pili, nao ulikuwa na kituta kama hicho, ila huko zilikosekana herufi za mwisho, maana pua ya gari iko kulia.

Nilimaliza jua likiwa bado juu. Mjomba alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akasema, "Mwalimu, mwandiko wako unaweza kupanda ndege bila pasi." Kweli, nikisimama mbali sikuweza kuona pale nilipoanzia. Nilifurahi sana. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo akaniambia kwamba gari hilo ni la baba. Wamekwisha kuongea kwa simu, na baba atalichukua akirudi safari. Alisema, "Lakini usimwambie habari ya rangi. Mwache alikute limekamilika, afurahi. Unamjua baba yako, akisikia brashi imepita ataanza maswali." Maneno yote hayo aliyasema kwa pamoja. Mimi nilishika yale ya kufurahi. Haya ya maswali niliyasikia pia, lakini niliyaona kama mzaha wa mashemeji, maana wao hutaniana kila wakati. Mama pia sikumwambia. Aliponiuliza nilichokuwa nikifanya nilisema vibao, na Mjomba ndiye aliyeniambia niseme vibao.

Mnamo Jumapili tarehe 17 Machi, asubuhi, tulikwenda yadini mimi, mama na baba. Baba alivaa shati lake la kutokea. Vani ilikuwa imesimamishwa mbele, imeoshwa, magurudumu yamepakwa weusi.  Baba alilizunguka gari polepole, kisha akapitisha kiganja juu ya maandishi, kuanzia mwisho kuja mwanzo, kama wanunuzi wote wanavyofanya. Kiganja kilipita juu ya herufi za mwenye gari kikaingia kwenye herufi zangu, na hakikusimama.

Alisema, "Maandishi yapo yote. Hili halijaguswa."

Mjomba alisema, "Shemeji, hili hata vumbi letu halijalionja."

Baba alisema, "Na aliyeandika alikuwa anajua kazi yake."

Mjomba alinitazama akanikonyeza. Mimi nilitabasamu. Baba aliniona nikitabasamu, naye akatabasamu, akidhani ninamfurahia yeye. Nilikuwa ninamfurahia yeye. Basi alimkabidhi Mjomba ile akiba, na mama akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na Mjomba akamwambia, "Dada, usilimwagie maji, ni jipya."

Baada ya hapo baba aliacha kazi ya lori. Alifunga viti nyuma, akaanza kuwabeba watoto wa barabara yetu kwenda shule ya msingi na ya sekondari ambazo zimepakana. Mimi nilikuwa nakaa nyuma na wadogo ili wasisimame. Gari lilipata jina kwa sababu ya maandishi, watu wakaliita Fundi Bomba. Tukipita, wanawake waliokuwa wakifua walipaza sauti, "Fundi Bomba, bomba langu linavuja!" na baba alikuwa akijibu, "Meneja wangu yuko nyuma, ongea naye!" Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia baba akijibizana na watu barabarani. Akiwa kwenye magari ya watu alikuwa akiendesha kimya.

Kuanzia mwezi wa nne mlango wa mbele ulianza kugoma kufunguka tukiwa tumeegesha penye mwinuko. Mvua iliponyesha, maji yaliingia ndani. Baba alilipeleka gari yadini mara mbili, na mara ya pili nilikuwa naye. Alimwambia Mjomba, "Maji hayaingii mlangoni wala dirishani. Yanaingia hapa katikati, nyuma ya kiti changu."

Mjomba alisema, "Shemeji, gari linazoea. Kwao mvua hainyeshi kwa hasira namna hii."

Nilijua kutokana na somo la jiografia kwamba kwao mvua inanyesha karibu kila wakati. Nilitaka kusema. Nikadhani Mjomba anatania, nikaacha. Alileta bomba la gundi akaziba kwa ndani, akampigapiga baba begani, tukaondoka.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Mei, asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, tulikuwa tunafika shuleni. Mbele ya geti kuna tuta la kupunguza mwendo. Baba huwa anapunguza pale hadi mwendo wa mtu anayetembea, na siku hiyo alipunguza pia. Mlinzi wa geti aliona na naamini atasema hivyo. Magurudumu ya mbele yalipanda yakashuka. Ya nyuma yalipopanda nilisikia sauti kama bati la paa linalochanwa na upepo. Sakafu ilishuka chini ya miguu yetu. Watoto wa mbele waliteleza kuja kwetu, na sisi tukateleza kwenda kwao, tukakutana katikati.

Nilinyanyua kichwa nikaona mwanga. Ubavu ulikuwa umefunguka kutoka juu hadi chini. Nikapiga teke mlango wa nyuma, nikawatoa wadogo mmoja mmoja. Mtoto wa darasa la pili, mdogo wake rafiki yangu, mkono wake ulikuwa umebanwa kwenye ule ufa. Hakuwa analia. Alikuwa anasema tu, "Dada, mkono wangu uko nje." Baba alitokea dirishani kwa sababu mlango wake haukufunguka, akaja akatanua bati kwa mikono mpaka mkono wa mtoto ukatoka. Mkono ulikuwa umevunjika. Viganja vya baba vilichanika. Alimbeba yule mtoto akakimbia naye hadi zahanati ya shule, akarudi, akaanza kuwahesabu watoto wengine huku damu inamdondoka kwenye shati.

Nilipotoka nje niliutazama ubavu wa gari. Ufa ulipita pale pale herufi zangu zilipokutana na zile za mwenye gari. Upande huu maandishi yangu, upande ule ya kwao, na katikati niliweza kuona ukuta wa shule. Rangi nyeupe ilikuwa imebanduka, na chini yake palikuwa na puti nene ya rangi ya udongo, na chini ya puti palikuwa na mshono wa kuchomelea uliopinda. Hata mtu asiyejua magari angeona kwamba yalikuwa magari mawili.

Askari wa barabarani walifika. Mmoja alipiga magoti akaangalia chini ya gari kwa muda, akasema, "Hii ni pua ya gari jingine. Limeunganishwa hapa hapa mjini." Akamwuliza baba kama anajua. Baba alisema, "Sijui, afande. Nimelinunua likiwa limetoka melini. Maandishi yake haya." Akayaonyesha kwa mkono wake uliochanika.

Mjomba alikuwa amefika na pikipiki ya kukodi. Mtu alimpigia simu, sijui nani. Nilipomwona nilishusha pumzi. Nilidhani amekuja kutusaidia. Nilimkimbilia nikamshika mkono wa koti.

Askari alimwuliza kama ndiye aliyeuza gari. Alisema ndiye. Kisha alisema maneno haya, na mimi nilikuwa nimemshika mkono bado: "Nilimwuzia shemeji nikamwambia wazi kwamba limeungwa, atumie kwa mizigo myepesi. Yeye ndiye aliyetaka maandishi yakamilishwe ili asionekane amenunua gari bovu. Sina sababu ya kudanganya. Huyu hapa binti yake. Mwulizeni nani aliandika."

Niliachia koti.

Watu wote walinigeukia, walimu, mlinzi, wazazi waliokuwa wameleta watoto. Baba naye alinigeukia. Aliniuliza, "Ni kweli umeandika wewe?"

Nilisema, "Ndiyo, baba."

Nilikuwa nataka kuendelea. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme, "lakini." Askari alikwisha kumshika baba mkono anampeleka kwenye gari lao, na watu walikuwa wanapiga kelele, na mama wa yule mtoto aliyevunjika mkono alikuwa amefika anamtukana baba. Baba alikuwa ananitazama mpaka mlango ukafungwa. Sijawahi kutazamwa na baba namna ile. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayehesabu upya kitu alichokwisha kukihesabu.

Afande ameniuliza kama nahitaji kupumzika. Nimesema hapana.

Mnamo Jumatano tarehe 15 Mei, alasiri, Mjomba alikuja nyumbani. Mama alikuwa jikoni. Sikwenda shule siku hiyo. Alikaa kwenye kiti cha baba akaniambia nikae karibu. Aliniambia, "Mpwa wangu, sikiliza. Jana nilishtuka, kila mtu anashtuka. Sasa tuwe watu wazima. Wewe ni mtoto, hawawezi kukufanya kitu. Waambie baba ndiye aliyekutuma uandike. Atapigwa faini, atatoka, tutamtafutia gari jingine. Lakini wakinishika mimi yadi imekufa, na yadi ikifa nani atawasaidia? Mama yako ana ndugu mwingine?"

Nilimwambia, "Baba alikuwa mpakani."

Alisema, "Simu zipo. Anaweza kukutuma kwa simu."

Nilimwambia, "Mjomba, siku ile kidole chako kilikuwa kimeziba nini kwenye picha?"

Alisema, "Picha gani?"

Nilimwambia, "Picha ya gari kwenye mvua."

 Alikitazama kidole chake. Afande, hadi dakika hiyo nilikuwa bado natafuta njia ambayo Mjomba angekuwa hakujua. Usiku nilikuwa nimefikiri, labda na yeye aliuziwa hivyo, labda na yeye alidanganywa na watu wa bandarini, na pale shuleni aliogopa tu akasema ovyo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri hayo, nikiwa tayari kuja kuyasema hapa. Alipokitazama kidole chake nilijua kwamba pua ya gari kwenye ile picha ilikuwa imepondeka, na kwamba alijua siku aliyoniita, na alijua siku aliyonikonyeza.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alisema, "Kaka, ukitoka urudishie mlango, kuku wasiingie."

Mjomba alisema, "Dada, na wewe?"

Mama alirudi jikoni. Mjomba alikaa kidogo, kisha akaondoka. Mlango aliurudishia.

Baadaye mama alinipigia pasi sare, ingawa sikumwambia kwamba nitakwenda popote. Alisema, "Kesho tutakwenda kituoni. Sema ulichokiona. Usimwongezee, usimpunguzie." Nilimwuliza kama amenikasirikia kwa ajili ya kumficha habari ya rangi. Alisema nimletee ile sketi, inahitaji kupigwa pasi upande wa nyuma.

Afande ameniuliza kama ninaweza kuonyesha herufi zipi ni zangu. Ninaweza. Kila mstari, kuanzia upande wa pua ya gari hadi kwenye ufa, ni mimi. Kuanzia kwenye ufa hadi nyuma ya gari ni mtu wa kwao ambaye simjui. Zake ukizitazama kwa karibu hazina alama ya brashi, zangu zinazo. Mkikwangua chini ya zangu mtakuta puti, mkikwangua chini ya zake mtakuta bati tupu. Nipo tayari kwenda kwenye uwanja wa magari kuonyesha. Fundi wa kuchomelea naye aulizwe. Alitaka kusema siku ile.

Afande ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo moja, na sijui kama linahusu. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, kwenye yadi hiyo hiyo, akikimbia nyuma yangu huku ameshika kiti. Nilipojua kuendesha alikuwa amekwisha kuachia zamani na mimi sikuwa najua. Nilikuwa nafikiri bado ameshika. Siku ile nilifurahi kwamba alinidanganya. Nimelisema ili isionekane kwamba nimekuja kumsema mtu nisiyempenda.

Ninachotaka ni baba ajue kwamba nilisema ndiyo kwa sababu ni kweli niliandika, na kwamba kulikuwa na maneno mengine baada ya ndiyo. Sikudhani kuna kitu chini ya rangi. Kama ningedhani, nisingewakalisha wadogo pale katikati, na mimi mwenyewe nisingekaa.

Niliyoyajua nimeyasema yote, nami nimesomewa na kuyatambua kuwa ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)
Sahihi ya mama mzazi: (amesaini)

TAARIFA YA OFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika kwa mkono wangu kadiri shahidi alivyosema, kisha nimeyasoma kwa sauti mbele yake na mama yake. Mama ameyasikiliza akiwa amesimama, ingawa kiti kilikuwepo. Nimemkumbusha kwamba anayetajwa ni ndugu yake na kwamba halazimishwi kusaini leo. Ameomba kalamu.

Katika kuandika nilikuwa nimeweka neno "mtuhumiwa" kila mahali shahidi aliposema "Mjomba." Shahidi ameomba nirudishe alivyosema. Nimerudisha, na masahihisho hayo yamewekewa sahihi ndogo pembeni.

Saa sita mchana shahidi alipelekwa kwenye uwanja wa magari akiwa na mama yake na mkaguzi wa magari. Ameonyesha herufi bila kusita, pande zote mbili. Mkaguzi amekwangua mahali pane alipoonyesha na amekuta kama alivyosema. Fundi wa kuchomelea ametumiwa wito. Mwenye yadi anatafutwa, hakupatikana yadini wala kwake. Maombi ya dhamana ya baba wa shahidi yamepelekwa kwa mkuu wa kituo leo hii kwa mapendekezo yangu.

Shahidi aliomba kumwona baba yake, na nimeruhusu kwa muda mfupi nikiwepo. Baba alikuja kwenye nondo, viganja vyake vimefungwa bandeji. Shahidi alisimama mbele yake akaanza, "Baba, juzi nilitaka kusema lakini..."

Baba alimwambia, "Nimesikia, mwanangu. Ukuta kati ya hapa na chumba cha maelezo ni mbao tupu. Nimekaa chini nimesikia kuanzia mwanzo."

Akapitisha vidole kwenye nondo, vile ambavyo bandeji haikuvifunika, na shahidi akavishika. Muda ulipokwisha sikuwaambia.